Mkeka wa Kwanza wa Mwanakheri

Hapo zamani, wala si zamani ya kale, maana mlioula wali wa hitima ya msiba huu wengine mmo humu humu, alikuwapo msuka mikeka wa Pangani, jina lake Mwanakheri. Mumewe akafa. Akakaa eda miezi minne na siku kumi, eda ikaisha, akaogeshwa, akavishwa nguo mpya, mlango ukafunguliwa. Mwanakheri hakutoka.

Wiki ikapita, mwezi ukapita. Miyaa ya kusukia ikamkaukia kwenye beseni. Na sisi watu wa mtaa, Mungu atusamehe, tukamsifu: "Huyo ndiye mke! Ana subira!" Mwenyewe alizisikia sifa hizo akiwa kitandani, na kila sifa ikamziba mdomo. Atasemaje kwamba si subira, kwamba hata kunyanyua kikombe kunamshinda?

Asubuhi moja akamwambia jirani yake Mashavu, "Shoga, kila nikilala naomba nisiamke. Niapie hutamwambia mtu."

Mashavu akaapa. Adhuhuri haijafika, keshasema kwa mama mkwe.

Mama mkwe, Bi Nunu, aliwaka. "Aliyekufa ni mwanangu wa kumzaa! Mbona mimi nimesimama? Leo tupelekane kwa madaktari wa wehu, watu watasemaje?" Akalia. Kisha akajifunga kanga, akamshika mkwewe mkono, wakaenda hospitali. Kila Jumatano alimpeleka, akamngojea kwenye benchi la nje, wapitao wakimkodolea macho, na msiba wake mwenyewe hakuna aliyemuuliza.

Ndani alikuwamo Dafroza, muuguzi wa afya ya akili. Hakumwambia "jikaze". Alimuuliza tu, "Mumeo alikuwa akikuitaje?" Mwanakheri akalia kwa mara ya kwanza tangu maziko. Wakaanzia hapo, mazungumzo na dawa. Na alipoacha kwenda, Dafroza alimfuata kwa baiskeli, akaketi kizingitini mpaka mlango ukafunguka.

Polepole Mwanakheri akaloweka miyaa tena. Akaweka nadhiri: mkeka wa kwanza atampa aliyemtoa ndani. Akausuka miezi miwili, wa zambarau na kijani, mzuri ajabu. Lakini mkeka ni mmoja, na mkeka haukatwi, ukikatwa unafumuka. Akawaita wote watatu, hata Mashavu, ambaye Mwanakheri hakuwa amemsemesha tangu siku ile ya kiapo.

"Mimi nilivunja kiapo," Mashavu akasema. "Niliona afadhali unichukie ukiwa hai."

"Kusema ni rahisi," Bi Nunu akadakia. "Nani alikushika mkono, mwanangu? Nilikuongoza na mimi mwenyewe nimefiwa."

Dafroza akacheka kidogo. "Hospitalini nilifanya kazi yangu, sidai kitu. Lakini kule kizingitini sikutumwa na mtu. Siku ile ungebaki ndani, ungebaki moja kwa moja."

Mwanakheri aliwapenda wote, na mmoja alikuwa bado anamuuma. Alijua atakayempa mkeka atakuwa amemwambia, "Wewe ndiye uliyenirudishia maisha," na wawili watarudi nyumbani mikono mitupu. Akaukunja mkeka, akasimama nao mikononi. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi, akamtazama Mashavu usoni.

Haya, msinitazame mimi. Aliyevunja kiapo, aliyemshika mkono, na aliyeketi kizingitini: mngekuwa ninyi ndio Mwanakheri, mkeka ule mngempa nani?