Udongo wa Kaburi la Nakijwa

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, kwaya moja ya kanisa kutoka milima ya Upare ilialikwa Ujerumani. Siku moja wakapewa alasiri ya mapumziko. Mwenyeji wao, mzee Dieter, akawatembeza mjini: lango la kale, daraja la mawe, kisha kanisa kongwe lenye mnara mrefu.

"Huko juu kuna pacha wa kengele ya kanisa lenu kule Upare," akasema. "Fundi wao mmoja. Twendeni mkaiguse!"

Nakijwa, aliyekuwa akiongoza nyimbo, akacheka. "Mimi napanda milima na mkungu wa ndizi kichwani, sembuse nyumba ya kengele!"

Wakapanda. Ngazi zikazunguka, zikazunguka. Dieter akauliza, "Tuendelee?" Nakijwa akaitikia, "Ndiyo, baba." Akauliza tena. Akaitikia tena, maana kwao kumkatalia mwenyeji ni kumtukana.

Kisha akamnong'oneza Elinaja, mkalimani wao: "Dada, mwambie kifua kinawaka."

Elinaja akamwambia mzee, "Amechoka kidogo."

Wakaendelea. Nakijwa akaigusa kengele, akaanguka chini yake. Hakuamka.

Desturi ya kwao ni hii: mwenye lawama ya kifo hagusi udongo wa kaburi. Siku ya maziko, mama wa marehemu, bibi Namkunda, alikaa kando ya shimo. "Semeni," akawaambia.

Dieter, aliyesafiri na jeneza, akasema, "Mama, mimi nilimpandisha. Lakini nilimuuliza, akakubali. Kwetu ndiyo ni ndiyo." Elinaja akatafsiri, safari hii bila kupunguza neno.

Kisha akasema lake. "Mimi nililainisha maneno yake. Sikutaka aaibike mbele ya mwenyeji wetu."

Mwalimu Mbwambo wa kwaya naye akasema. "Daktari alimkataza vilima na ngazi. Nilijua. Alinipigia magoti: 'Mwalimu, ukisema nitaachwa.' Nikanyamaza. Na bila yeye, bibi, tusingekuwa na kwaya."

Jirani mmoja akaguna. "Na marehemu je? Si alikuwa na mdomo?"

"Huyo, udongo utamfunika," bibi akamjibu. "Nauliza hawa." Akawatazama watatu wale. "Mmoja wenu arudi nyuma, wawili wanisaidie kufukia."

Wote watatu wakarudi nyuma.

"Nimesema mmoja," bibi akasema. "Siwezi kumzika peke yangu."

Haya, ninyi mnaonisikiliza: ni nani aliyestahili kubaki nyuma?