Safu ya Meno Butu

Alikuwako fundi mmoja wa mbao, jina lake Mihayo, aliyekuwa na kisanduku cha vyombo na mdogo wake mmoja. Kisanduku alikirithi kwa mwalimu wake. Mdogo wake walizaliwa naye tumbo moja. Aliwapenda wote wawili, ikiwa mtu anaweza kusema hivyo juu ya kisanduku, na nusura awaharibu wote wawili kwa kosa lile lile.

Kazi yake ilikuwa vitako vya bunduki. Serikali ilimpa kibali cha kutengeneza sehemu ya mbao tu, chuma hakugusa. Wawindaji wenye leseni na askari wa wanyamapori, watu wa misitu ya mninga, mti wa mbao ngumu nyekundu, walimletea kitako kilichopasuka, naye akawachongea kipya. Lakini kitako kikishapigwa msasa na kupakwa mafuta huteleza kama sahani ya mchuzi. Kwa hiyo mahali mkono unaposhika, fundi hutia nakshi. Hukata mistari myembamba inayolalia upande huu, kisha mingine inayolalia upande ule, na inapokatana hubaki katikati punje ndogo ndogo zenye ncha, kama mtama uliopangwa kwa mkono. Mkono ukilowa jasho au mvua, punje zile huushika. Anayeziona dukani hudhani ni urembo. Aliyewahi kukutana na nyati hadhani hivyo.

Chombo cha kutilia nakshi ile ni kidogo. Kina mpini wa mti, na mbele yake chuma kilichopinda kama shingo ya bata. Chini ya chuma kile kuna safu mbili za meno zilizokaa sambamba, meno madogo kuliko ya msumeno wowote. Safu moja hutembea ndani ya mstari uliokwisha kukatwa. Ya pili hukata mstari mpya kando yake. Hivyo kila mstari hupata njia yake kwa ule uliotangulia, na fundi hahitaji rula isipokuwa kwa mstari wa kwanza.

Mwalimu wake, Fundi Zefania, alipofariki, Mihayo alifungua kisanduku akavifuta vyombo kimoja kimoja. Akachukua kioo cha kukuzia, akakitazama kile chombo cha safu mbili, na jambo likamshangaza. Safu ya kukata ilikuwa kali kama miba. Safu ya kufuata ilikuwa butu. Aliipitishia kidole gumba, ikawa laini kama ukingo wa kijiko. Miaka tisa alikaa na mzee yule na hakuwahi kumuuliza habari ya safu ile. Aliona aibu kuuliza kitu ambacho pengine kila fundi anakijua. Sasa wa kumuuliza hayupo, akajijibu mwenyewe: macho ya mzee yalikwisha, akachoka kunoa. Akamwonea huruma. Akachukua tupa nyembamba ya pembe tatu akanoa jino kwa jino, siku mbili nzima, mpaka safu zote mbili zikang'aa. Alijiona amemtendea marehemu wema.

Sasa habari ya mdogo wake.

Mkono wa kushoto wa Mihayo ulikuwa na vidole vitatu. Zamani, mdogo wake Lugembe alipokuwa kijana wa miaka ishirini na mbili akisaidia kazi karakanani kwa mzee Zefania, ililetwa bunduki yenye kitako kilichopasuka. Sheria ya karakana ilikuwa moja: bunduki haiwekwi juu ya meza kabla ya kufunguliwa na kutazamwa ndani. Lugembe aliipokea, akasema, "Tupu, kaka." Haikuwa tupu. Hakuwa amedanganya kwa ubaya. Aliitazama haraka haraka, mawazo yake yako kwenye mpira uliokuwa unachezwa uwanjani siku ile. Ikafyatuka mezani, vidole viwili vya kaka yake vikaenda, naye Lugembe akakimbilia kwenye mashamba ya tumbaku, akakaa huko miaka saba.

Mihayo ndiye aliyemwandikia barua. Aliandika, "Nimekusamehe, rudi nyumbani." Jumapili moja akasimama kanisani akalisema jambo hilo mbele ya watu, wakaitikia amina. Na alikuwa anasema kweli. Hilo tusimnyime.

Lugembe akarudi, na kazi ikawa nzuri. Kwa vidole vile vitatu Mihayo hakuweza kukigeuza kitako huku anakata. Kwa hiyo walikaa wakitazamana, kitako kimelala kwenye mhimili wa mbao katikati yao. Lugembe akikigeuza pole pole, Mihayo akikata. Mistari ya shingo ya kitako hupinda, na anayegeuza akitangulia hata kidogo, chombo huruka. Chao hakikuruka. Waliokuja kuwatazama walisema wale wawili wanavuta pumzi moja.

Lakini kila ilipoingia bunduki, Mihayo aliuliza, "Umeikagua?" Swali hilo halikuwa na ubaya; ni swali la lazima. Ubaya ulikuwa mkiani mwake. Aliongeza, "Au ni kule kukagua kwako?" na mkono wa kushoto ukainuka kidogo, kama kwa bahati mbaya. Mwanzoni Lugembe alijibu, "Nimekagua, kaka." Baada ya miezi akawa anaitikia kwa kichwa tu. Mwisho wake maneno yake yote ya karakanani yakabaki mawili: "Geuza?" na "Tayari."

Mvua zilipokaribia, wiki chache baada ya mazishi ya mzee Zefania, akaja bwana nyama mmoja, askari wa wanyamapori, mtu mnene mcheshi, anaitwa Nassoro. Aliibwaga bunduki yake mikononi mwa Lugembe, akasema, "Jamani, juzi mvua imenikuta porini na hii kitu ikanichomoka kama kambale! Nyati yuko pale, mimi niko hapa, bunduki iko kwenye tope. Nitieni nakshi nishike kitu. Jumatatu naingia tena."

Lugembe akaifungua, akatazama ndani.

"Umeikagua?" akauliza Mihayo. "Au ni kule kukagua kwako?"

Bwana nyama akacheka, akidhani ni utani wa ndugu. Kisha akauona ule mkono ulivyoinuka, akauona uso wa Lugembe, na kicheko kikamwishia mdomoni. Akaaga upesi.

Kazi ile ikawakataa. Mistari ilianza vizuri, lakini walipofika wa kumi, punje zilikuwa zinavunjika vichwa. Walipofika wa ishirini, upande mzima ulionekana kama umegugunwa na panya. Kwa wiki kadhaa vitako vyao vilikuwa vinatoka hivyo hivyo, ila hiki kilizidi. Mihayo alisema mninga ule haujakauka. Akachukua mwingine uliokaa darini miaka mitano, akaujaribu. Ukawa vile vile. Akasema, "Basi wewe unatikisa."

Asubuhi ya Alhamisi Mihayo aliingia karakanani akakuta begi nyuma ya mlango. Alilifahamu. Ndilo alilorudi nalo mdogo wake kutoka kwenye tumbaku.

"La nini hilo?"

"Nikimaliza cha bwana nyama naenda zangu."

"Unaenda wapi?"

"Kule kule. Kule hakuna anayeujua mkono wako."

Hofu iliyomwingia Mihayo haikuwa ya kazi, ingawa bila Lugembe nakshi zingekwisha. Alijiona yuko mezani peke yake, mhimili wa mbao mbele yake, na ng'ambo ya mhimili hakuna mtu. Angeweza kusema, "Usiende." Ni neno moja. Lakini tulivyo watu, alikwenda kutafuta kosa la kitako, maana hilo lilikuwa rahisi zaidi.

Akakichukua kitako mpaka mlangoni penye jua, akaweka kioo cha kukuzia jichoni. Akatazama kwa muda mrefu. Akaona jambo ambalo hakulitarajia. Mstari wa mwisho kukatwa ulikuwa safi, mwembamba, mzuri kuliko yote. Uliotangulia ulikuwa umetanuka. Ule wa nyuma yake vile vile. Na mstari wa kwanza kabisa, ule aliouanzia kwenda kulia, kisha akaurudia kwenda kushoto, ulikuwa umezama kama ufa.

Ajabu. Angekuwa Lugembe anatikisa, mstari unaokatwa ndio ungeharibika. Hapa mpya ni mzima, na ya zamani ndiyo inayoharibika. Nani anaikata tena ile ya zamani?

Akaokota kipande cha mninga, akakifuta kwa shati. Akakata mstari mmoja kwa rula. Akaweka safu ya kufuata ndani yake, akasukuma chombo pole pole, pua yake imekaribia kugusa mbao. Unga mwekundu ukatoka chini ya safu ya kukata, kama inavyopasa. Na unga mwekundu ukatoka chini ya safu ya kufuata.

Akasimamisha mkono.

"Kumbe mzee hakuwa amechoka," alisema, nusu kwa nafsi yake. "Hii aliacha butu kwa makusudi. Kazi yake ni kupita tu."

"Ndiyo," akasema Lugembe nyuma yake. "Fundi Zefania aliniambia zamani, nilipomuuliza. Safu ya kufuata hainolewi."

Mihayo akageuka. "Ulijua? Wiki zote hizi tunaharibu mbao za watu, ulijua?"

"Nilijua tangu siku ulipoinoa."

"Sasa mbona hukusema?"

Lugembe alimtazama usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya muda mrefu. Akasema, "Ningekwambia nimeona kasoro, kaka, ungeniuliza kama nimekagua."

Mihayo alitaka kusema kwamba yeye alikwisha kusamehe, tena mbele ya kanisa, watu wakaitikia amina. Akatazama chini. Alikuwa ameketi na kile kipande cha mbao magotini, na unga mwekundu ulikuwa juu ya suruali yake, kutoka kwenye mstari uliokwisha kukatwa, ambao hakuna aliyekuwa na haja ya kuukata tena.

Kisha akanyanyuka, akalitia mafuta jiwe la kunolea. Alianza kuisugua safu ya kufuata kwa ubavu, jino kwa jino, akiitangua ile kazi ya siku mbili aliyoifanya kwa bidii na kwa kujipongeza. Lugembe aliona mkono wenye vidole vitatu unahangaika kukishika chuma. Akaja akakishika. Ilipofika saa sita mchana safu ikawa laini kama ukingo wa kijiko.

Wakakwangua ule upande ulioharibika kwa kipande cha kioo, mpaka mbao ikawa nyororo. Mistari ikafutika yote isipokuwa mmoja. Mstari wa kwanza ulikuwa umezama mno. Kuufuta kungekuwa kuimaliza shingo yote ya kitako. Mihayo akautazama, akamtazama mdogo wake, akasema, "Basi tuanzie hapo hapo." Akaweka safu butu ndani ya mstari ule wa zamani. Ikapita bila kukwaruza, ikajua njia. Kando yake safu kali ikakata mstari mpya.

Jumatatu bwana nyama alikuja, akatumbukiza mkono kwenye ndoo ya maji makusudi, akaishika bunduki yake, akaitikisa kwa nguvu. "Alaa! Kambale wangu kaota magamba!" Akaenda zake anacheka.

Wiki ile ile iliingia bunduki nyingine. Lugembe akaipokea, na Mihayo akaona mabega ya mdogo wake yanavyojikaza, kama ya mtu anayesubiri kupigwa mahali alipozoea kupigwa. Akagundua mkono wake wa kushoto umekwisha kuanza kuinuka. Akauteremsha.

"Umeikagua?" akauliza, na swali likaishia hapo.

Lugembe akangoja. Hakikuja kitu. "Nimekagua," akasema. Kisha akaisogeza ile bunduki iliyo wazi mbele ya kaka yake, naye Mihayo akainama, akatazama ndani kwa macho yake, akapitisha ndani kidole cha mwisho cha mkono wake wa kushoto. "Tupu," akasema. "Tupu, kaka," akasema Lugembe. Wakaiweka mezani. Na tangu siku ile hakuna bunduki iliyowekwa juu ya meza yao pasipo wote wawili kutazama, wala hakuna aliyehitaji kuambiwa sababu. Begi lilikaa nyuma ya mlango mpaka likashika vumbi. Mwisho wakaanza kutia humo vitambaa vya kupakia mafuta.

Ndugu zangu, Mihayo hakuambiwa asahau. Safu ile ingeng'olewa, chombo kingepotea njia, na bunduki nyingine ingewekwa mezani haijatazamwa. Mstari wa zamani hauna budi kupitiwa. Mimi nakiri nimeupitia wa mwenzangu kwa meno makali mara nyingi, nikasema namkumbusha tu, na sikutazama chini kuona unga unaotoka. Wewe je, ile safu yako ya kufuata, ni nani aliyekutuma uinoe?