Mwiko wa Mwanamvua

Sogeeni. Mmesogea? Haya, sikilizeni.

Palikuwa na mama, Mwanamvua, aliyepewa mwiko wa ajabu na zimwi la angani. Akisonga ugali nao, unga haupungui. Zimwi lilimwonya, "Ukiushika, chunga ulimi. Utakalosema litakuwa, wala halitanguki bila mwiko huu."

Siku moja anasonga, bintiye Chausiku akamvuta kanga. "Mama, nibebe."

"Ngoja."

Akavuta tena. "Mama, nibebe."

"Ngoja kwanza!"

Akavuta mara ya tatu. Ugali unaungua, moshi machoni, mama akafoka kama wanavyofoka mama zenu: "Usinisogelee, utaungua! Na usiende mbali!"

Na mwiko alikuwa ameushika.

Neno likawarusha wote wawili hadi kwao zimwi, kwenye mawe yaeleayo angani, nao wakageuka mawe. Mama jiwe kubwa, mtoto jiwe dogo linalomzunguka kama mwezi wake. Hawezi kumsogelea, hawezi kwenda mbali.

Mama huita, "Njoo mwanangu, nikubebe!" Lakini mwiko ulibaki jikoni.

Na kila amalizapo kuzunguka, Chausiku huuliza, "Mama, nimeshangoja. Sasa nije?"