Mama Aliyesoma Ukuta wa Mtaalamu wa Ndoto

Bwana asifiwe, wapendwa. Mh! Hiyo amina imetoka na miayo. Naona kule benchi la nyuma Mzee Ambilikile ameshaanza kuinamisha kichwa, na mimi hata koo sijasafisha. Msimwamshe. Neno la leo linahusu usingizi, kwa hiyo mwenzetu ameamua kuanza na mazoezi.

Haya, nisikilizeni. Palikuwa na bwana mmoja mwenye mashine ya kusaga mahindi. Mtu mkarimu, mwili umejaa, shingo hii hapa. Alikuwa na shida moja: akilala, anakoroma mpaka mbuzi wa jirani wanaamka. Sasa kukoroma si neno, wangapi humu tunakoroma? Akina mama, tafadhali, msitunyooshee vidole. Neno ni kwamba katikati ya kukoroma, anakata. Kimya. Pumzi hakuna. Mkewe anakaa kitandani anahesabu: moja, mbili, tatu... Akifika ishirini na kitu, bwana anashtuka, anavuta hewa kwa nguvu kama mtu aliyeopolewa mtoni, kisha anaendelea. Ni hivyo mpaka asubuhi.

Na mchana? Mchana anasinzia amesimama. Anasinzia debe likiwa mkononi. Siku moja alisinzia pembeni ya mashine inayonguruma, mkanda ukamkamata shati. Bahati mteja mmoja alikuwa mwepesi, akazima. Shati lilichanika mpaka kwapani, mkono ukapona. Mkewe alipoletewa lile shati alilia machozi. Akasema, "Baba watoto, leo mashine imekula shati. Nakuomba tutafute msaada kabla haijakula wewe."

Basi mjini palikuwa na mtu aliyesifika sana. Mlangoni kwake kuna bango kubwa: Mtaalamu wa Ndoto na Usingizi. Wakaenda.

Jamani, huo ukuta! Vyeti kumi na kimoja, kila kimoja kwenye fremu ya kioo. Mihuri ya rangi ya dhahabu, tepe nyekundu, saini zimezungushwa mpaka jina hulioni. Bwana wa mashine alipoviona akavua kofia.

Na msimcheke. Sisi wenyewe sebule zetu zikoje? Cheti cha chekechea cha kijana ambaye leo ana mke na watoto wawili bado kinaning'inia juu ya televisheni. Mgeni akiingia anainua macho, anasema "hongereni sana", anakaa, analetewa chai. Ni nani humu ameshawahi kumwona mgeni anasogea ukutani, anavaa miwani, anasoma mstari kwa mstari? Si tungesema huyu hana adabu?

Mtaalamu akamuuliza bwana, "Unaota nini?"

"Sioti kitu, daktari. Nikilala nazimika tu."

"Ahaa! Hiyo ndiyo mbaya zaidi. Ndoto zako zimefungwa. Kuna mtu mzima mnayelala naye nyumba moja, usiku anakukalia kifuani. Mna mzee pale kwenu?"

"Yupo mama yangu mzazi."

"Ndiye huyo. Atoke kabla ya siku saba. Akibaki, utakufa wewe."

Wapendwa, yule bibi alikuwa na miaka sabini na kitu. Ndiye aliyempokea mkwe wake siku ya harusi kwa mikono miwili, ndiye anayewaogesha wajukuu. Na yule bwana, kwa jinsi alivyochoka, maana mtu asiyelala anakubali lolote, alishaanza kusema, "Basi, nitampeleka kwa dada."

Mkewe akasimama. Akafungua pochi, akatoa miwani. "Baba watoto, ngoja kwanza. Kabla hatujamtoa mama, naomba nisome kidogo."

Akasogea ukutani. Akasoma kwa sauti, kama katibu wetu anavyosoma matangazo. "Cheti hiki kinathibitisha kwamba ndugu huyu amehudhuria semina ya nusu siku kuhusu usingizi." Akaenda cha pili. Amehudhuria. Cha tatu, amehudhuria kongamano la siku moja pamoja na chakula cha mchana. Cha nne, ameshiriki mbio za kilomita tano. Cha tano, ametoa damu, anashukuriwa sana.

Mtaalamu jasho linamtoka. "Mama," akasema, "vyeti havisomwi. Vinatazamwa."

"Nisamehe, daktari, nimezoea kusoma. Kuhudhuria umehudhuria, hongera. Lakini naomba kujua: aliyekupa mtihani ni nani? Ukikosea, yupo wa kukunyang'anya hii kazi? Na ni ugonjwa gani ukiletewa utasema, huu siuwezi?"

"Mimi hakuna nisichokiweza!"

"Basi baba watoto, vaa kofia, twende. Mama haondoki."

Hapo nisimame kidogo. Msije mkatoka hapa mkasema mchungaji amepiga vita semina. Semina ni nzuri, mimi mwenyewe naziandaa, na wali wake nakula. Mtu akisoma siku moja, amesoma siku moja, amepata kitu. Kosa ni kuchukua karatasi inayosema "alikuwepo" na kuitumia kumfukuzia mama mzee nyumbani kwake. Na kuuliza maswali kama yale si kukosa imani. Ni kumpenda uliyempeleka.

Wakaenda hospitali ya wilaya. Wakaingia kwa tabibu mmoja mwembamba. Chumba kidogo, ukuta mtupu, kalenda tu. Yule mama akauliza maswali yale yale, na mumewe anamfinya kiuno, "Wewe, utatuaibisha!"

Mnajua tabibu alifanya nini? Alicheka kwa furaha. "Mama, miaka tisa nimekaa kwenye hiki kiti, wewe ni wa kwanza kuniuliza!" Akavuta droo, akatoa bahasha imechakaa. "Hiki ni cha chuo, miaka mitatu, na mtihani mmoja niliurudia, sikufichi. Hii ni leseni. Hiyo namba unayoiona, kaulize baraza lililonisajili, watakuambia kama mimi ndiye mimi. Nikiharibu, watanifuta. Na swali lako la tatu jibu lake ni hili la mumeo. Siliwezi."

"Huliwezi?"

"Naona dalili. Akilala, njia ya hewa inaziba hapa kooni. Lakini kipimo kiko hospitali ya rufaa, kwa daktari aliyesomea mambo ya usingizi. Nakuandikia barua sasa hivi. Na mashine ya kusaga asiiguse mpaka atibiwe. Na mama yake mpeni chai, hana kosa."

Yule mama nusura amkumbatie! Yule wa mjini alimwambia hakuna asichokiweza, na huyu wa kwanza kusema "siwezi" ndiye aliyempa moyo wa kutembea safari iliyobaki.

Wakaenda rufaa. Bwana akapimwa, akapewa kifaa cha kuvaa puani kinachosukuma hewa. Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, akajinyoosha kwenye kochi, kifaa puani, akalala. Mkewe kwa mazoea akaanza: moja, mbili, tatu... Akafika mia. Pumzi zinakwenda tu, taratibu, moja baada ya nyingine. Bibi akachungulia mlangoni, akaona mwanawe ametulia hivyo, akashtuka.

"Mama watoto! Amekufa?"

"Hajafa, mama. Amelala!"

Weee! Bibi alipiga vigelegele vile vya harusini. Majirani wakajaa uani, wakidhani kuna mtoto kazaliwa. Bwana akaamka, nywele zimesimama, "Kuna nini? Kuna nini?" Wote kwa pamoja, "Umelala!" Siku hiyo walichinja kuku wawili kwa ajili ya usingizi. Niambieni, sisi tuliolala jana usiku bila kifaa chochote, nani kati yetu ameamka akamshukuru Mungu?

Lakini mfano wangu haujaisha.

Baada ya miezi mitatu walirudi rufaa bwana aangaliwe maendeleo. Wakakaa kwenye benchi la kungojea, na nani amesimama pembeni? Yule mtaalamu wa ndoto! Tai hana, macho mekundu, kadi ya mgonjwa mkononi.

"Shikamoo, daktari," bwana wa mashine akasalimia kwa sauti.

"Sss! Hapa usiniite hivyo." Akamgeukia yule mama. "Dada yangu, tangu siku uliyousoma ule ukuta, silali. Kila mtu akigonga mlango nasema, huyu naye anajua kusoma."

Wangemcheka, na haki walikuwa nayo. Yule mama akasogea, akampa nafasi pale kwenye benchi. "Kaa, ndugu yangu. Hebu niambie kweli, wewe kazi unayoijua hasa ni ipi?"

Akaitazama ile kadi mkononi. Kisha akasema polepole, "Mimi ni seremala. Zile fremu nilichonga mwenyewe."

"Uwii! Zile fremu?" yule mama akasema. "Mbona kwenye ukuta ule kitu cha kweli kilikuwa hizo fremu!"

Basi wakacheka wote watatu mpaka nesi akatoka kuwanyamazisha. Leo yule seremala ana karakana. Bango la ndoto alilipiga randa akalifanya kiti. Analala. Na vitanda anavyotengeneza, wanasema, havilii hata ukigeuka mara kumi.

Sasa tuje kwetu. Ndiyo, wewe, na mimi. Jumanne nilikaa ofisini nikasoma vyeti vyangu. Vipo kumi na vinne, na tisa vinasema nilihudhuria! Na sisi humu ndani? Cheti cha ubatizo tunacho. Kipaimara tunacho. Cha ndoa kipo kabatini kwenye mfuko wa nailoni. Kwaya inatupa, umoja wa wanawake unatupa, na sare tunashona. Ibada tumehudhuria, mikutano ya injili tumehudhuria, mafungo tumehudhuria na chai tumekunywa. Nani ametupa mtihani?

Sisemi wokovu ni wa kufaulu mtihani. Wokovu tumepewa bure, na ndiyo maana tunaimba. Nasema sisi tuliopewa bure tunajiita waganga wa roho za watu, washauri wa ndoa, wazee wa kanisa, mama wa imani. Mtu anatuletea nyumba yake, na sisi hatusemi "hili siliwezi, twende kwa anayeliweza". Tunatoa neno zito, halafu nyumbani kwa mtu bibi anafungiwa virago.

Na wa kutusahihisha hayuko mbali. Ni yule tunayelala naye nyumba moja. Nawapa kazi ndogo. Mkifika nyumbani leo, kabla hamjapakua chakula, kila mtu amuulize mmoja wa nyumbani kwake: "Mimi nikiwepo, wewe unalala vizuri?" Kisha ufunge mdomo. Usijitetee, usimkatize.

Mimi nilimuuliza mama mchungaji juzi. Aliendelea kukunja nguo, halafu akasema, "Siku ambazo hujakasirika, ndiyo."

Ndugu zangu, nimesimama mbele ya watu nikihubiri miaka ishirini na miwili. Huo ndio mtihani wa kwanza niliofanya, na mmesikia maksi zangu. Tusimame. Leo mimi sitawaombea ninyi kwanza. Anzeni kuniombea mimi.