Mwizi wa Kofia ya Afande

Nilikamata wezi miaka thelathini. Nilipostaafu upolisi nikaganda kwenye kiti cha barazani, hata kusimama nikawa nainuliwa na mke wangu, Nakijwa.

"Afande, daktari kasema utembee."

"Askari hatembei bila kesi," nikamjibu.

Kesho yake kofia yangu ikaibwa. Nikaisaka, nikaikuta imening'inia kwenye mashine ya unga. Ikaibwa tena, nikaipata kisimani. Kisha kule juu kanisani. Miezi mitatu nilimfukuza mwizi huyo milimani.

Daktari akashangaa. "Magoti yamepona! Umefanyaje?"

"Kuna mwizi namsaka. Mjanja, lakini nimeshamkaribia."

Nakijwa, aliyeketi pembeni yangu, akanyoosha mguu. "Daktari, tazama na yangu. Kuipandisha ile kofia mlimani kila alfajiri si mchezo."