Majani ya Kona ya Mfuriga

"Usipookota majani yako, utayakuta njiani." Mmeusikia msemo huu kwa madereva, mkacheka, mkauliza ni majani gani. Kaeni basi, maana haukuanza kwa kicheko. Ulianza hivi.

Luvanda aliendesha lori la viazi kutoka Njombe kwa miaka kumi na minane, na hakuna aliyejua kulalamika barabarani kama yeye. Akimwona mtu amewasha indiketa ya kulia huku ananyoosha tu, anatukana. Mwingine akikata kona bila kuwasha chochote, anatukana zaidi. "Taa ni mdomo wa gari," alisema. "Anayedanganya kwa taa ni mwongo tu."

Lakini naye alikuwa na lake. Gari likiharibika njiani, dereva huvunja matawi akayatandaza nyuma na mbele, ili wajao wapunguze mwendo. Kuyatandaza, Luvanda alikuwa hodari. Kuyaondoa akishatengeneza gari, hapana. "Yatakauka," alisema, akapanda, akaondoka.

Jumatatu moja tairi lilimpasukia kwenye kona ya Mfuriga. Akatandaza majani, akabadilisha tairi, akaenda zake.

Alhamisi akapita tena, manyunyu yakianguka, viazi vinalowa, naye ana haraka. Kando yake alikaa Mama Lutengano, mwenye mzigo.

"Baba, majani hayo. Punguza."

"Hayo yangu, mama. Niliyatandaza Jumatatu kwa mikono hii."

"Ya Jumatatu, mbona mengine mabichi?"

"Huku kwenu hata nguo hazikauki, yatakauka majani?"

Mama akacheka. Luvanda naye akacheka, akaingia kona kwa mwendo uleule.

Baada ya kona lilisimama lori la Festo Mgaya, aliyejifunza udereva pamoja naye. Springi imekatika, Festo amelala chini ya gari, miguu iko nje. Luvanda alikanyaga breki kwa nguvu zote, akapinda usukani. Lori aliliepa. Mguu wa Festo hakuuepa.

Madaktari waliukata chini ya goti. Siku ya tatu Luvanda alikwenda hospitali na chupa ya uji, akakaa bila kuifungua.

"Kaka, hukuyaona majani?" Festo akauliza.

Angeweza kusema mvua. Angeweza kusema breki.

"Niliyaona. Nilidhani ni yangu."

Festo akageuza kichwa kumtazama.

"Yalikuwamo yako. Nilipoharibikiwa niliyakuta pale, nikajua ni yako, maana tabia yako naijua. Nikasema, Luvanda kanipunguzia kazi. Nikaongeza matawi matatu tu."

Luvanda akainamisha kichwa. Laiti Festo angemtukana! Hakumtukana. Aliomba uji.

Festo hakushika usukani tena. Luvanda aliendelea, maana watoto wanakula. Lakini kila alipokuta majani barabarani alisimamisha lori, akashuka, akatazama. Kama hakuna gari lililoharibika, aliyaokota yote, hata kijiti, akayatupa mtaroni. Walio nyuma walimpigia honi, wakamwita mzee aliyechanganyikiwa. Yule aliyekuwa na tusi kwa kila dereva hakuwajibu hata mmoja. Siku moja tu kijana mmoja alishuka, akamfuata kwa hasira: "Mzee, majani si yako, yanakuhusu nini?"

Luvanda alikuwa ameinama, tawi mkononi. Hakuinuka.

"Usipookota majani yako, mwanangu, utayakuta njiani."