Makengeza ya Somoe

Sikilizeni, na walio mbele wanyamaze ili wa nyuma wasikie. Adhuhuri moja ya kiangazi, zimwi lilimchukua mtoto Zaina kisimani. Lilimkazia macho, naye akalifuata bila kulia hadi pangoni kwake mlimani.

Wanaume watatu walikwenda kumrudisha, mmoja baada ya mwingine. Kila aliyetazamana nalo alibaki pangoni.

Somoe, mama wa mtoto, akajifunga kanga. Alikuwa na makengeza.

"Shoga, utalitazama zimwi au mlima?" jirani alimtania.

"Nakwenda kumtazama mwanangu."

Pangoni zimwi likamwambia, "Nitazame!"

"Nakutazama."

Likahamia kulia, jicho moja likalikwepa. Likahamia kushoto, la pili likalikwepa. Likasimama katikati, lisipate pa kushika.

"Macho haya kwenu yanaitwaje?"

"Makengeza."

"Maana yake?"

"Maana yake watoto wanakucheka njiani, na wachumba wanapita kwenda mlango wa pili."

"Kwangu maana yake ni mtu asiyeshikika," zimwi lilisema. "Mchukue mwanao. Lakini niliyekwisha kumtazama ni wangu."

Somoe alimshika Zaina mkono, akatoka naye. Wale wanaume watatu walibaki wameketi.

Nyumbani alimwosha miguu. Akamwita kwa jina mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Mtoto hakugeuka. Somoe akampa uji. Zaina aliunywa wote, macho yake yameelekea pangoni.